Kitabu Kipo, Ila Hakisemi: Kisa cha Kitabu Pepe Kimoja katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Malalamiko yalikuja kwa sentensi moja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, asiyeona tangu utotoni, alisimama kwenye meza ya huduma na kompyuta yake kwapani akasema: "Dada, kitabu cha takwimu kipo, ila hakisemi." Mwenzangu aliyekuwa zamu akafungua katalogi kwenye kompyuta ya kaunta, akaandika jina la kitabu, akabofya, ukurasa wa kwanza ukatokea. "Mbona kinafunguka?" akamjibu. Kisha akaandika kwenye daftari la zamu: tatizo limeangaliwa, kitabu kinafanya kazi.

Niliyakuta maandishi hayo siku mbili baadaye, kwa kuwa rasilimali za kielektroniki ziko chini yangu. Kilichonikera ni kwamba ningekuwa mimi zamu siku ile, ningeandika vilevile. Tulikuwa tumekikagua kwa macho kitabu ambacho mwenyewe angekisoma kwa masikio.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu wakutubi tunakutana nacho vipandevipande: leo mwanafunzi mmoja, kesho faili moja, wiki ijayo barua pepe kwa muuzaji. Kila kipande kinafanana na hitilafu ya kompyuta, tunakitupia watu wa TEHAMA na kuendelea na kazi. Safari hii tulikifuata kimoja mpaka kilipoanzia, tukajikuta ndani ya jalada la manunuzi, mbele ya swali ambalo hatukuwahi kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa. Jina la mwanafunzi, la muuzaji na la mchapishaji nimeyaacha, maana hayaongezi kitu.

Saa moja na nusu ofisini

Nilimwomba mwanafunzi aje na kompyuta yake mwenyewe, na mipangilio yake mwenyewe. Kumkalisha mtu mbele ya mashine ya maktaba yenye kisoma-skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, ambacho hajakizoea ni kumpima mtu, na sisi tulitaka kukipima kitabu. Yeye hutumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Alinipunguzia kasi ya sauti, kwa kuwa kwenye kasi anayoizoea mimi nilisikia mvumo tu kama wa feni. Nikageuza kiti nisiione skrini.

Tulianza na katalogi yetu, na hapo aibu ilikuwa yetu wenyewe. Alipoita orodha ya viungo vya ukurasa, NVDA ilisoma: "Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa." Mwenye macho anaona kila kiungo kimekaa kando ya jina la kitabu chake. Anayesikiliza orodha hana "kando". Yeye aliishabuni njia yake: huruka viungo vyote, hurudi kwenye kichwa cha habari, kisha hushuka mstari mmojammoja. "Nimezoea," alisema. Tumeisikia kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile, na nimejifunza kuiandika kwenye fomu kama hitilafu.

Tukaingia kwenye jukwaa la muuzaji. Kabla ya kitabu kulitokea kidirisha cha kukubali vidakuzi (cookies). Alipobonyeza kitufe cha Tab, kielekezi kilizunguka ndani ya kidirisha hichohicho, kikarudi pale pale, kikazunguka tena. Kitufe cha kukubali kilikuwepo, lakini kilifikika kwa kipanya tu. Huu ni mtego unaojulikana miaka mingi. Mwongozo wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, WCAG, yaani wa kuyafanya yatumike na watu wenye ulemavu pia, umeukataza waziwazi katika kigezo cha 2.1.2 tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, tena kwenye ngazi A, ile ya chini kabisa. Mwanafunzi alitoka mtegoni kwa kuupakia ukurasa upya mara tatu mfululizo. Kwa nini mara ya tatu ilikubali, hakuna ajuaye.

Halafu kitabu chenyewe. Kila ukurasa ulikuwa picha. Majukwaa kadhaa hufanya hivyo kwa makusudi ili maandishi yasinakiliwe ovyo, na kwa mwenye macho hakuna kinachobadilika. NVDA iliufikia ukurasa wa kwanza ikasema "mchoro". Wa pili, "mchoro". Pembeni mwa kitabu palikuwa na safu ya vitufe visivyo na majina, na programu ilivisoma hivi: "kitufe, kitufe, kitufe, kitufe". Nikageuka kutazama. Kimojawapo, chenye alama ndogo ya herufi T, ndicho kilichofungua toleo la maandishi. Mwanafunzi alikuwa ametumia jukwaa hilo mwaka mzima bila kujua kwamba toleo hilo lipo.

Tulishangilia mapema mno. Maandishi yale yalikuwa zao la mashine iliyotambua herufi kutoka kwenye picha, na hakuna mtu aliyeyapitia baadaye. Maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari yalibaki yamekatwa. Mahali palipokuwa na safu mbili, sauti ilisoma mstari wa kushoto, ikarukia wa kulia, ikarudi kushoto. Jedwali lilisomwa kama namba ya simu ndefu isiyokwisha. Ya jedwali na safu mtu angeweza kuyavumilia. Ya kanuni za hisabati hayakuvumilika. Palipoandikwa x kwa kipeo cha pili, maandishi yalisema "x2", na sauti ikatamka "eks mbili". Alama ya mzizi ilikuwa imetoweka, na mstari wa kugawanya pia. Kanuni ya variansi, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika, ilitoka ikiwa mfululizo wa herufi na namba ambao hata mwalimu wa somo, nilipomsomea baadaye kwa simu, hakuutambua.

"Hapa ndipo huwa naacha," mwanafunzi akasema.

Nikamuuliza alifauluje mwaka wa kwanza. Kumbe mwenzake wa bwenini alikuwa akimsomea kila jioni, kuanzia saa mbili hadi anapochoka msomaji. Si msikilizaji, msomaji. Vitabu vitatu vizima vilisomwa hivyo, na maktaba haikujua. Takwimu zetu za matumizi zilionyesha kwamba mwanafunzi huyo anafungua vitabu pepe mara nyingi kuliko wastani wa darasa lake. Bila shaka alikuwa akivifungua, akisikia "mchoro", na kuvifunga.

Danadana

Tulimwandikia muuzaji siku ileile. Jibu lilikuja haraka, likiwa limeambatishwa ripoti ya ulinganifu, yaani jedwali refu ambalo muuzaji mwenyewe hujaza kigezo kwa kigezo kueleza jukwaa lake limetimiza nini. Ilikuwa imejazwa miaka miwili kabla. Kwenye mstari wa mtego wa kibodi palikuwa na neno "inatimiza". Sidhani kwamba walidanganya. Yaelekea kidirisha cha vidakuzi kiliongezwa baada ya ripoti, na aliyekiongeza hakujua kama kuna ripoti.

Kuhusu maandishi mabovu, muuzaji alisema wao huonyesha faili kama walivyolipokea, kwa hiyo tumwone mchapishaji. Mchapishaji akasema mafaili yake ni mazuri, tuwaone wenye jukwaa. Tukapigwa danadana hivyo kwa wiki mbili. Kwa mkutubi hiyo ni mizunguko michache ya barua pepe. Kwa mwanafunzi ni sura mbili za kitabu na jaribio moja la darasani, alilolifanya kwa kumbukumbu ya mihadhara tu.

Sambamba na hilo, ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu ilimwomba mchapishaji nakala mbadala. Baada ya siku 19 lilifika faili la PDF. Lilikuwa na maandishi halisi, si picha, lakini halikuwa na lebo. PDF ilibuniwa kuhifadhi sura ya ukurasa ulivyo kwenye karatasi, na bila lebo za ndani zinazosema hiki ni kichwa, hili ni jedwali, aya hii inafuata ile, kisoma-skrini kinabaki kubahatisha. Kuna kiwango cha kimataifa cha PDF yenye lebo sahihi, ISO 14289, kinachoitwa PDF/UA, tangu mwaka 2012. Faili letu halikukikaribia. Kurasa zaidi ya 400, bila kichwa hata kimoja cha kurukia. Na kanuni za hisabati zilikuwa vilevile, eks mbili.

Mwenzetu mmoja alishauri tulitengeneze wenyewe: tupige lebo, tuandike kanuni upya, tumpe. Kisheria mlango huo upo. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazosomeka bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi na nchi. Wengi huuita mkataba wa wasioona, ilhali unamhusu pia mwenye shida ya kusoma kama disleksia, na asiyeweza kushika kitabu wala kufungua kurasa kwa sababu ya ulemavu wa mwili. Kifungu cha 7 kinagusa hata kufuli za kidijiti, zile zinazozuia faili lisinakiliwe ovyo: sheria inayolinda kufuli hizo isigeuke kizuizi kwa wanaonufaika na mkataba. Nimeshangazwa na idadi ya wakutubi wanaoogopa kugusa faili kwa hofu ya hakimiliki bila kuangalia kama nchi yao imejiunga.

Lakini Marrakesh inakupa ruhusa, haikupi mikono. Kuandika upya kanuni za kitabu kizima cha takwimu ni kazi ya wiki nyingi kwa mtu anayejua takwimu na pia anajua kuziandika kwa namna inayosomeka na mashine. Mtu huyo hatukuwa naye. Na hata tungempata, tungekuwa tumelipia kitabu mara mbili, mara ya kwanza kukinunua na mara ya pili kukirekebisha.

Mkwamo ukafunguka kwa bahati. Katika barua pepe ya mwisho ya mchapishaji, aliyejibu safari hii alikuwa mtu wa idara ya uzalishaji na si wa mauzo. Aliongeza swali chini kabisa, baada ya salamu za kuagana: "Je, toleo la EPUB halikuwafaa? Hilo lina hisabati ya MathML."

Nililisoma mara mbili. Toleo la EPUB?

Jalada la manunuzi

Toleo lilikuwepo tangu siku kitabu kilipochapishwa. Mtu binafsi angeweza kulinunua kwenye tovuti ya mchapishaji. EPUB, kwa asiyeifahamu, imejengwa kwa lugha zilezile zinazojenga kurasa za wavuti. Vichwa ni vichwa kweli, jedwali ni jedwali kweli, na tangu EPUB 3 ya mwaka 2011 kanuni za hisabati zinaweza kuandikwa kwa MathML, ambayo kisoma-skrini kinaweza kuipitia kipande kwa kipande: hapa juu ya mstari wa mgawanyo, hapa chini yake, hapa kipeo. Kumbe kitabu kinachosema kilikuwepo, na sisi tulikuwa tumenunua ndugu yake bubu.

Nikaenda kulitafuta jalada. Kitabu kilinunuliwa kama kimoja kati ya vingi vya kifurushi kimoja. Fomu yetu ya kutathmini ununuzi ilikuwa na maswali 14: bei, idadi ya watumiaji kwa wakati mmoja, kama leseni ni ya kudumu au ya mwaka, kurasa ngapi zinaruhusiwa kuchapwa, takwimu za matumizi zinatolewaje, na kadhalika. Hakuna hata moja lililouliza kama kitabu kinasomeka na mtu asiyetumia macho. Kwenye kisanduku cha muundo wa faili, mtu alikuwa ameweka alama kwenye PDF. Nilimtambua kwa mwandiko. Alikuwa mimi.

Nakumbuka hata sababu. Wahadhiri walikuwa wakilalamika kwamba EPUB haina namba za kurasa, wanafunzi wanashindwa kunukuu. Hoja ile haikuwa ya kipuuzi, ila haikuwa sahihi: faili la EPUB linaweza kubeba orodha ya kurasa inayolingana na toleo la karatasi, ukaambiwa "nenda ukurasa wa 212" ukafika. Faili la kitabu hiki lilikuwa nayo. Nilifanya uamuzi kwa malalamiko niliyoyasikia. Asiyeweza kusoma kabisa hakuwa amelalamika bado, kwa sababu alikuwa bwenini anasomewa.

Maoni yangu kuhusu kisa chote yamekaa hapa. Kabla ya kusaini, muuzaji anapiga simu yeye, anatuma mtu wa maonyesho, anajibu kila swali kwa saa chache. Baada ya kusaini tunabaki na anwani ya barua pepe ya huduma kwa wateja. Sisi tuliuweka ufikivu kwenye kipindi cha pili, kama jambo la kushughulikia mwanafunzi akija, yaani tulichagua kuliuliza swali wakati ambapo hakuna anayelazimika kulijibu. Watu wa TEHAMA hawakuwa na kosa. Hata muuzaji, pamoja na kidirisha chake cha vidakuzi, alituuzia kile hasa tulichoagiza.

Wiki ileile akaja mwanafunzi mwingine aliyesikia kwamba maktaba inauliza mambo ya vitabu pepe. Huyu anaona vizuri. Ana disleksia, na alichotaka ni kubadilisha rangi ya nyuma, kupanua nafasi kati ya mistari na kukuza herufi. Ukurasa wa picha haupokei hata kimojawapo. Ukiukuza mara nne, mstari unatoka nje ya skrini, na kila mstari unausoma kwa kuuvuta kulia na kuurudisha kushoto. WCAG 2.1 ya mwaka 2018 ina kigezo juu ya jambo hili hili, kinachotaka maandishi yajipange upya yakikuzwa ili msomaji asivute ukurasa pande mbili. Tulimshauri ajiandikishe kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu apate nakala yake. Akakataa kwa upole. Hakutaka jina lake liwe kwenye orodha hiyo, na hakuona kwa nini lazima liwepo ili asome kitabu ambacho darasa zima linasoma. Nakala mbadala, hata ikitengenezwa kwa ustadi, humfikia aliyejitaja tu.

Faili linapofika

Mchapishaji alitutumia EPUB kwa siku tatu, bila kufuli. Mwanafunzi wetu aliifungua kwenye Thorium Reader, programu ya bure inayoelewana vizuri na visoma-skrini, akaongeza kwenye NVDA kiongezi cha MathCAT cha kusomea hisabati. Alibonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, akafika sura ya nne, akaikuta kanuni ya variansi, akaiingia kwa mishale. Sauti ilitamka kipeo cha pili mahali pake. Aliirudia mara tatu, polepole, kisha akasema, "Kumbe ndivyo ilivyo," na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba mwaka mzima alikuwa ameijua kanuni ile kwa kukariri maneno ya mtu.

Baada ya hapo zikaja grafu. Mchapishaji aliyejali MathML hakuwa amejali picha. Kila grafu ilikuwa na maandishi mbadala, yale ambayo kisoma-skrini hutamka badala ya picha, yasemayo tu kitu kama "Kielelezo 4.2", basi, maneno yaleyale yaliyoko chini ya picha. Mkutubi hawezi kueleza grafu ya takwimu asiyoielewa, kwa hiyo nilimwendea mwalimu wa somo. Hoja yake ya kwanza sikuwa nimeitarajia. "Nikimweleza grafu inaonyesha nini, nimempa jibu la swali la mtihani. Wenzake wanatakiwa kuliona wenyewe."

Tulibishana karibu saa nzima, na ulikuwa ubishi mzuri kuliko yote ya kisa hiki. Mwishowe tulitenganisha vitu viwili: kinachoonekana, na kinachohitimishwa. Kwa grafu ya mtawanyiko, kinachoonekana ni mihimili inapima nini, inaanzia wapi na kuishia wapi, kuna nukta ngapi, zimekusanyika wapi, ipi imejitenga. Kinachohitimishwa ni kwamba kuna uhusiano chanya, au kwamba nukta iliyojitenga inavuruga wastani. Mwenye macho hupewa la kwanza bure kwa kutazama tu, basi na asiyeona apewe hilo. Rasimu ya mwalimu tuliyokubaliana ilisomeka hivi: "Grafu ya mtawanyiko. Mhimili mlalo: saa za kujisomea kwa wiki, 0 hadi 30. Mhimili wima: alama za mtihani, 0 hadi 100. Nukta nyingi ziko ndani ya ukanda mwembamba unaotoka chini kushoto kwenda juu kulia. Nukta moja iko peke yake, karibu na saa 28 na alama 20." Kutaja ukanda unaopanda si kutoa jibu, alikubali mwenyewe, kwa sababu kila mwanafunzi darasani ameshauona. Swali ni unaitwaje na unapimwaje. Kwa grafu nzito zaidi aliambatisha jedwali la namba zilizochorea grafu, na mwanafunzi alipenda jedwali kuliko maelezo.

Aliandika za sura alizofundisha muhula ule tu. Nyingine bado.

Kwa upande wetu tulibadilisha vitu vitatu kwenye manunuzi. Tuliongeza jaribio fupi ambalo karani yeyote anaweza kulifanya kwenye kipindi cha majaribio cha jukwaa, bila utaalamu: weka kipanya kando, fika ukurasa wa tano kwa kibodi tu, kuza maandishi mara nne, badilisha rangi, washa kisoma-skrini, sikiliza aya moja, jedwali moja na picha moja, pakua sura na ujaribu tena ukiwa nje ya mtandao. Wazo hilo si letu. Mwaka 2016 vyuo vikuu 33 vya Uingereza viliungana kukagua majukwaa 44 ya vitabu pepe, na ukaguzi wao ulijengwa kwa makusudi juu ya vipimo rahisi ambavyo wafanyakazi wa kawaida wa maktaba wangeviweza. Nilipousoma nilijilaumu kwa kusubiri mtaalamu ambaye hatungempata.

La pili ni kifungu cha mkataba: kitabu kikishindikana kusomeka, muuzaji ana siku zilizotajwa kuleta faili linalosomeka, na asipoleta tunarudishiwa fedha za kitabu hicho. Wauzaji wawili walikipinga, mmoja akakifuta kabisa kwenye rasimu. Tulipokirudisha alikikubali. Nadhani upepo ulikuwa umeshageuka: sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu, ambayo tangu tarehe 28 Juni 2025 inavihusu pia vitabu pepe vinavyouzwa katika soko lake, imewafanya wachapishaji wengi wakubwa wawe na mafaili mazuri tayari, popote wanapouzia. Siku hizi swali mara nyingi ni kama faili hilo zuri linaifikia maktaba, au linabaki ghalani kwa mchapishaji kama la kwetu.

La tatu lilikuwa taarifa za kitabu zenyewe. Wachapishaji wana namna ya kawaida ya kutangaza sifa za ufikivu ndani ya EPUB na katika taarifa za mauzo. Kwenye ONIX, muundo unaotumika katika biashara ya vitabu, ni orodha namba 196. Taarifa za kitabu chetu zilikuwemo zote, zikiwa zimejazwa vizuri, na katalogi yetu ilizitupa kila ilipopokea rekodi. Sasa zinaonyeshwa chini ya jina la kitabu, kwa maneno ya kawaida: ina vichwa vya kurukia, hisabati inasomeka, picha hazina maelezo. Ni madai ya mchapishaji, na mawili tuliyoyajaribu yalikuwa ya uongo. Hata hivyo mwanafunzi anayajua kabla ya kufungua, badala ya baada.

Na kufuli? Kwenye jukwaa lile, ukikiazima kitabu kukisoma nje ya mtandao bado kinadai programu maalumu ambayo NVDA haiisomi vizuri. Zipo kufuli zilizobuniwa zisiwazuie watumiaji wa visoma-skrini, LCP ya Readium ikiwa mojawapo, na Thorium inaikubali. Muuzaji wetu anasema "inafikiriwa". Kidirisha cha vidakuzi walikitengeneza ndani ya wiki sita. Kitufe chenye herufi T sasa kina jina. Vile vingine vitatu bado vinaitwa "kitufe", na mwanafunzi aliniambia juzi kwamba kimojawapo, alipokibonyeza kwa udadisi, kilimtoa nje ya akaunti.

Vitabu vya leseni ya kudumu tulivyovinunua kwa fomu ile ya zamani ni vingi, na hatuna mpango wa kuvirekebisha vyote. Tunaanza na vilivyo kwenye orodha za lazima za muhula ujao, kisha tunauliza kwa kila kimoja kama kina ndugu wa EPUB. Wiki iliyopita muuzaji mpya aliturudishia fomu yenye jaribio letu. Kwenye mstari wa hisabati alikuwa ameandika: "Hapana. Kanuni ni picha. Tunatarajia kubadilisha." Kitabu kile hatujakinunua bado. Mwalimu wa somo anatafuta kingine, na fomu nimeibandika ukutani juu ya meza ya karani.